Bondia wa Gisenyi Aliyeangushwa Kwenye Sinema

GISENYI, 1957 – Ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu, na Saidi Bimenyimana anapanda mlima wa Rugerero mbio, gunia la mchanga mabegani. Wanawake wanaoteremka kutoka Mudende na vikapu vya viazi wanampisha njia. "Komera, Saidi!" mmoja anamtia moyo. Anainua kidevu tu. Anayepumua namna ile hana pumzi ya salamu.

Saidi ni mpakiaji mizigo gatini, mzaliwa wa mojawapo ya familia za Waislamu wa mjini. Pia ni bondia wa kulipwa. Hadi mwaka jana hakuna aliyewahi kumwangusha ulingoni. Mabondia wa Goma na Bukavu walijaribu, wakarudi kwao na nyuso zilizovimba.

Kisha wakaja Wazungu wa sinema. Walitafuta mtu mwenye mwili wa kutisha apigane na shujaa wao ufukweni, wakamchagua yeye. Sharti lilikuwa moja: aanguke kwa ngumi ya kwanza.

"Ule muigizaji alikuwa na mikono laini kama mukate," Saidi anasema, akicheka. "Nikauliza bwana wa mashine ya picha, mi nianguke kwa hii? Akasema, bon, sawa, ndiyo kazi. Donc, basi, nikaanguka."

Alianguka kutwa nzima. Kila mara jua lilipojificha, au mtumbwi ulipokatiza nyuma yao, walianza upya. Ujira wa siku ile ulizidi wa mwezi mzima gatini.

Baadaye lori la sinema lilifika Gisenyi, likatandaza kitambaa cheupe kwenye uwanja wa mpira. Mji mzima ulikwenda kumtazama kijana wake. Mzungu aliporusha ngumi na Saidi akabwagika mchangani, watu waliinuka kutazama vizuri. Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikasambaa.

Hitimana, mchuuzi wa samaki aliyezoea kumbeba mabegani baada ya kila ushindi, alimfuata kesho yake. "We Saidi," alimwambia mbele ya watu, "walikupa nini ili ulale chini ya Muzungu?"

"Tangu siku ile alipitia nyuma ya soko," anasimulia mkewe, Nyirasafari, ambaye ni fundi cherehani. "Mume wangu! Mutu mwenye haogopi mutu, sasa anakimbia macho ya wauza ndizi."

Miezi michache baadaye alipanda ulingoni Goma kupambana na Sibomana wa Bukavu. Watu wa Gisenyi walivuka mpaka kwa wingi, wengine kwa shauku ya kumwona akianguka. Mwandishi wa habari hizi alikuwepo.

Raundi ya tatu, ngumi ya kushoto ilimpata kwenye taya. Saidi alianguka, safari hii kweli.

"Sinema! Sinema!" umati ukapiga kelele.

"Nilisikia vile wanacheka," anakumbuka. "Nikajiambia: hii hakuna mutu amenilipa."

Mwamuzi alikuwa akihesabu. Saidi aliinua goti, akashika kamba. Damu ilikuwa imemfunga jicho moja. Alijinyanyua, na kilichofuata sijawahi kukiona tena: mtu mwenye jicho moja akisonga mbele, polepole, akipokea ngumi na kurudisha nzito zaidi, hadi Sibomana akashusha mikono, akamwendea, akauinua mkono wa Saidi juu yeye mwenyewe.

Watu walisimama tu, wengine mikono kichwani.

Hitimana alikuja ulingoni akilia. "Nisamehe, ndugu yangu."

"We ulinipenda," Saidi alimjibu, "ndiyo maana uliona haya."

Sasa anajiandaa kwa pambano la Léopoldville, kubwa kuliko yote aliyowahi kupigana. Akishinda huko, anataka kufungua ukumbi wa masumbwi hapa Gisenyi.

Nyirasafari hajawahi kumtazama mumewe akipigana. Siku za mapambano hubaki nyumbani na kuziba masikio. Safari hii atafuatana naye.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema. "Akianguka, nataka nimuone vile anasimama."