Mama Perpetua Nafuna na Gauni Lisilofuliwa

Alizaliwa karibu na Kimilili mwaka 1909, akabatizwa Perpetua. Mwaka 1948 alimfuata mumewe Barasa kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, akapewa kazi ya kufua vitambaa vya altare. Wanawake wa kambi walimletea pia wagonjwa na maiti awaoshe. Alipenda usafi kupita kiasi, hata majirani wakamtania kwamba angefua na mvua kama ingeanikika.

Usafi huo ndio uliomponza. Mwaka 1953 mama mmoja alimletea Wamboi, bintiye wa miaka kumi, aliyenajisiwa na nyapara wa shamba. Nafuna alichemsha maji, akamwosha mtoto na kulifua gauni lake mpaka likatakata. Alifanya hivyo kwa upendo. Kesi ilipofika mahakamani huko Thika, hakimu alimuuliza Wamboi maana ya kiapo, naye akanyamaza. Akasikilizwa bila kuapa, na sheria ilikataa mtu afungwe kwa neno la namna hiyo peke yake. Daktari hakuwa na la kusema, gauni lilikuwa safi. Nyapara akarudi kambini siku hiyohiyo, na Jumapili akasoma somo kanisani kama kawaida. Nafuna alilia na kufunga siku nyingi, na kwa haki, maana kosa lilikuwa lake.

Mwaka 1956 mtu yuleyule alimnajisi Syokau, binti wa Muasya, mwenye miaka minane. Wanawake walikuja na karai la maji ya moto. Nafuna alisimama mlangoni.

“Msimwoshe. Hata uso msiguse.”

Walimwona katili. Yeye alilifunga gauni katika kitambaa cheupe, akambeba mtoto mgongoni hadi kwa daktari wa Thika, kisha polisi. Jioni hiyo mzee wa kanisa, Erastus, alimfuata.

“Mama, hii maneno tumalize sisi wenyewe hapa kanisani. Nyumba yenu ni ya shamba, na nyapara ndiye anagawa nyumba.”

“Huyo mtoto akisema imekwisha, mzee, na mimi nitasema imekwisha.”

Barasa aliogopa, lakini hakumzuia.

Mahakamani Syokau naye hakuapishwa, ila alieleza yote. Daktari akaeleza aliyoyaona, gauni likawekwa mezani. Wakili wa nyapara akamgeukia Nafuna: mbona mtoto wa kwanza alimwosha na huyu akamwacha? Je, hizo si hila?

“Wa kwanza nilimwosha, na huyu mtu akaenda nyumbani,” alisema. “Kama ningejua, huyu wa pili hangekuwa hapa. Andika hiyo pia, bwana hakimu.”

Hakimu aliandika. Nyapara alihukumiwa miaka kumi kwa kazi ngumu. Wiki iliyofuata Nafuna na Barasa walitolewa nyumbani, wakapanga chumba kimoja Thika, karibu na viwanda. Alifua nguo za watu hadi alipofariki, Agosti 1959.

Waumini husimulia kwamba Syokau, aliyekuwa hasemi na mtu tangu siku ile, alianza kusema alipoliona gauni lile mezani. Sisi hatuwezi kuthibitisha. Tunaloweza kuwasihi waumini waige ni hili: mtoto akiletwa analia, asikilizwe kwanza, karai lingoje.

Siku ya mazishi wanawake walipojitayarisha kuuosha mwili, msichana wa miaka kumi na sita aliingia, akakunja mikono ya gauni lake. Alikuwa Wamboi.

“Huyu nipeni mimi,” alisema. “Yeye aliniosha.”