Mdomo wa Bibi Ukutani

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule na picha aliyonichora. Shingo ndefu kama ya korongo, jicho moja limevimba kama andazi, la pili mkato tu. Mwalimu kaandika chini: "Haifanani. Rudia." Mimi, ambaye safari yangu kubwa siku hizi ni kutoka kitandani hadi kwenye kochi, nikajikuta nimesimama. Hayo nilishayasikia utotoni, rafiki yangu, kule mtaani kwetu Pasiansi, tukisubiri Uhuru.

Bibi alinilea kwa michembe ya viazi vikavu na karanga, nyumba nzima ikinuka dagaa walioanikwa kwa jirani. Babu alipofariki, mdogo wake alikuja kumwambia bibi ahame, eti nyumba ni ya ukoo. Bibi akakaa mlangoni, mdomo umempinda, mpaka shemeji yake akachoka akaondoka. Nikachukua mkaa na udongo mwekundu, nikamchora nje ukutani: shingo ndefu, mdomo umepanda hadi sikioni. Kuchora nilikuwa sijui, na hadi leo sijui.

Uhuru ulipokaribia, nyumba zote za barabarani zikatakiwa kupakwa chokaa. Na nani alijitolea kupaka yetu? Shemeji, na ndoo yake, kaongozana na mwalimu wangu.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu. "Hii tuifute, wageni watatucheka. Mdomo wa mtu haufiki sikioni."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile ulifika. Muulize huyo mwenye ndoo."

Shemeji akaitazama ndoo. "Lakini shemeji, kweli unajiona mzuri hapo?"

"Sikuchorwa nipate mchumba. Paka kote, hapo niache. Au unaogopa ukuta?"

Akapaka kote. Siku ya bendera nyumba yetu ilikuwa nyeupe pe, na katikati bibi kakunja uso, anaikagua barabara. Habari ya kuhama haikusikika tena. Shemeji akija kusalimia, alipitia mlango wa uani.

Bibi alifia humo humo, kwake. Baadaye mvua zikaubomoa ukuta, na leo pale pana maduka. Picha yake ya kamera sina hata moja. Watu wakiniuliza alifananaje, nawapindia mdomo.

Mjukuu kaniuliza kama arudie. Nikajitazama kwenye kioo, jicho hili na hili.

"Usifute hata mstari," nikamwambia. "Mwalimu wako akibisha, mwambie bibi yupo nyumbani siku zote. Aje tufananishwe, mimi na picha."