Pijo ya Castory na Kidude Kisichogusana

Ukitaka kumjua Castory wa Ngombezi, mwangalie anavyonunua sukari. Anainama mpaka macho yanakuwa sawa na sahani ya mizani, halafu anamwambia mwenye duka aondoe mkono. Mwenye duka akiwa kaondoa, anamwambia aondoe na ule mwingine. Babu yake alikuja manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, baba yake kakata mkonge, yeye mwenyewe kala miaka thelathini kiwandani, na katika wote watatu hakuna aliyewahi kutia sahihi karatasi bila kuigeuza aone nyuma kuna nini.

Kitu kimoja tu hakukitilia shaka maishani: Pijo 404, pikapu, aliyoachiwa na meneja mmoja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinamdanganya kila siku.

Pijo ilikuwa inazima njiani. Shida ilikuwa pointi, vile vichuma viwili ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili moto uende kwenye plagi. Vinaungua, vinaota kutu, vinasogea. Castory akawa fundi wa pointi. Gari ikizima anafungua boneti, anavisugua kwa msasa, anapima nafasi kwa kipande cha boksi la kiberiti, kisha anawasha swichi na kuvitenganisha kwa bisibisi aone cheche. Cheche akiiona, roho inatulia. Mwanamume alikuwa anafurahi, mimi sifichi.

Mkewe Efrazia hakuwa anafurahi. Siku ya mazishi ya dada yake kule Handeni, Pijo ilizima mara tatu, wakafika watu wanakung'uta udongo miguuni. Efrazia hakupiga kelele. Alipomaliza kulia alisema, "Baba Denis, nisikilize vizuri. Gari hii ikituzimikia njiani mara moja tena, namwita Hashim aje aichukue."

Hashim alikuwa mfanyabiashara wa saruji pale Korogwe, aliyeimezea mate Pijo mwaka wa pili sasa, na Efrazia alikuwa keshamwambia sharti hilo. Kila akikutana na Castory, alisalimia gari kwanza, mwenyewe baadaye.

Ndipo mtoto wao Denis akatuma mzigo kutoka Dar. Ndani ya boksi mlikuwa na kidude cheusi, kama kipande cha sabuni ya magadi, nyaya mbili, na pete ya sumaku. Castory akakinusa.

Wakaenda Old Korogwe kwa fundi Loveness, mama wa watoto wawili, ovaroli imemkaa kama sare ya jeshi. Castory akaweka kigoda karibu kabisa na tairi la mbele, akakaa. Huo ndio utaratibu: gari haiachwi kwa fundi, inalindwa.

"Baba, hizi pointi sasa basi," Loveness alisema akizitoa.

"Basi kivipi?"

"Hiki hakigusani na chochote. Sumaku inazunguka, ikipita mbele yake inakiambia sasa toa moto."

"Sumaku inakiambia."

"Ndiyo, baba."

"Kwa lugha gani?"

Loveness akacheka, akafunga waya mwekundu kwenye koili, kile kikopo kinachokuza umeme wa plagi, na mweusi upande wa pili, akazikagua mara mbili. Castory akazikagua mara tano. Gari ikapigwa starta. Ikashika kwa mguso mmoja, ikatulia, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Castory akakunja uso. Miaka yote Pijo ilikuwa inakohoa kwanza. Gari isiyokohoa inaficha kitu.

"Kuna jambo moja," Loveness alisema. "Mashine ikiwa imezimwa, usiache swichi imewaka. Koili inachemka, na hiki kidude kinaweza kufa. Umenielewa, mzee wangu?"

Ameshaanza kuandaa sababu, Castory aliwaza. Na alipokuwa anatoka na gari yake, akageuka nyuma pale getini, alimwona nani? Hashim, kasimama na Loveness, wote wawili wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Hapo hesabu ikakamilika kichwani mwake. Wanaua gari kwa kidude, gari inazima, Efrazia anauza, fundi anapewa chake.

Jumamosi wakaanza safari ya Handeni, arobaini ya marehemu. Hashim akajitokeza na begi lake: ana mzigo wa kuangalia huko, anaomba lifti. Efrazia akamkubalia kabla Castory hajafungua mdomo. Wakabanana kiti cha mbele, Efrazia katikati.

"Shikamoo mzee. Naona leo inakwenda kama ya mwaka huu," Hashim alisema walipolivuka daraja la mto.

"Marahaba. Inakwenda. Bado hatujafika."

Pijo ilikula lami. Ikapita mahali pa kwanza ilipokuwa na kawaida ya kuzima, ikapita pa pili. Castory jasho linamtoka. Kadiri ilivyokwenda vizuri, ndivyo alivyozidi kusikia vitu. Kufika Sindeni uvumilivu ukamwishia. Akaweka pembeni, akazima mashine.

"Kuna nini tena?" Efrazia aliuliza.

"Nakagua tu."

Akafungua boneti. Mkono, kwa mazoea ya miaka, ukaenda ukawasha swichi. Akatoa kifuniko cha distribyuta, akaingiza bisibisi kutafuta cheche. Hamna. Akachokoa huku, hamna. Akavua miwani, akavaa, akakiinamia kidude karibu robo saa, akikisubiri kiseme. Mwishoni akafunga kila kitu na kupiga starta. Nyenye, nyenye, nyenye. Haikushika.

Hashim alitazama nje ya dirisha, lakini shavu lake lilikuwa linatabasamu.

Efrazia akasema polepole, "Imezima, baba Denis."

"Imezimwa! Hawa wamekaa kikao!" Castory akatoa simu, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie ushahidi. "Loveness! Umeniuza kwa Hashim?"

"Shikamoo baba. Nimekuuza kwa nani?"

"Gari imekufa Sindeni!"

"Ilizima yenyewe ikitembea?"

Castory akashusha sauti. "Niliizima mimi. Nikakague."

"Sasa swichi ipo wapi?"

Castory akaangalia. Efrazia naye akaangalia. Hashim akanyoosha shingo. Swichi ilikuwa imewaka.

"Baba," Loveness alisema, "zima, na uombe Mungu koili iwe imechemka tu. Nusu saa msiiguse. Na wewe hasa usiiguse."

"Na juzi ulikuwa unacheka nini na Hashim?"

"Tulikuwa tunakucheka wewe, baba, na hicho kigoda."

Efrazia alizima swichi, akachomoa ufunguo, akashuka, akatandika khanga juu ya boneti, akaikalia. "Kama unataka kufungua, nifungue mimi kwanza."

Nusu saa ile Castory aliizunguka Pijo mikono nyuma, kama mtu aliye wodini. Ilipokwisha, Efrazia akashuka, akampa ufunguo. Starta. Ikashika kwa mguso mmoja.

"Mama Denis," Hashim alisema, "si tulikubaliana ikizima..."

"Tulikubaliana ikizima. Hii haikuzima, kuna mtu kaizima," Efrazia alijibu. "Gari haiuzwi. Wa kuuzwa ni dereva; ningekuwa na mnunuzi wake, ningemtoa leo."

Wakafika Handeni wenyeji ndiyo kwanza wanatandika mikeka ya arobaini. Efrazia akaingia uani bila kugeuka nyuma. Hashim alipokuwa anachukua begi akasema, "Mzee wangu, nina Landrova yangu imelala uani. Nipe namba ya yule fundi, siku ile nilisahau kuichukua."

Castory akaiingiza simu mfuko wa ndani, akafunga na kifungo.

"Yule ana kazi nyingi sana," akasema.