Sawa na Nani?

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nasubiri zamu yangu. Nesi alimpandisha kwenye mizani mama mmoja muuza nguo aliyetoka upande wa Butembo, akampima na urefu. Kisha akapeleka kidole kwenye chati ya ukutani, ile ya rangi inayolinganisha uzito na urefu. Kidole kikatua kwenye kijani.

"Mama, wewe iko sawa," akasema, macho yameshaenda kwa anayefuata.

Mama hakushuka. "Niko sawa na nani?"

Benchi zima tukacheka. Yeye hakucheka. Alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akajizungushia tena polepole mbele ya nesi. Kilimzunguka mara mbili, na ncha ikabaki mkononi.

"Mwaka ilipita ilikuwa inanizunguka mara moja tu, dada. Na chakula niko nakula."

Nesi akaitazama ncha, akaitazama chati, akavuta kiti. "Kaa, mama. Niambie vizuri, ilianza lini?"

Mimi sina ugomvi na chati. Inajua watu wengi wako wapi, ila haiwezi kujua huyu mmoja ametoka wapi. Nasi neno "sawa", lilelile la kusema vitu viwili vimelingana, ndilo tunalosemea uzima, tena bila kufikiri, asubuhi hadi jioni.

Zamu yangu ilipofika, nesi akaniuliza hali. Nikaanza kujibu kwamba niko sawa, kumbe mkono umeshashuka kwenye mkanda wa suruali, unapapasa matundu, unatafuta lile la mwaka jana.