Chai Ambayo Hakuna Aliyeigusa

Jumatano asubuhi mwanangu aliamka midomo yote imechubuka, inavuja damu. Macho yalikuwa mekundu, yameshikana kwa matongotongo.



Brayson ana miaka tisa. Alikuwa amekohoa wiki nzima, nami nikajisemea ni baridi ya Julai tu.

Jana yake mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Nkoaranga kuja kwetu Sekei na mkungu wa ndizi, pamoja na chupa ya dawa ya miti shamba ya kifua. Walilala chumba kimoja, yeye na mjukuu.

Ile chupa ilikuwa kando ya kitanda. Imepungua.

"Mama, umempa nini mwanangu?"

"Sijampa kitu, mama Brayson."

"Na hii midomo imeunguzwa na nini?"

Sikungoja anijibu, nikawaka. Nikarekodi sauti ya dakika nzima, nikaitupa kwenye grupu la ukoo: mama kamlisha mtoto sumu.

Akakunja kanga zake, akaondoka.

Hospitali nikaapa kwamba mtoto kanyweshwa dawa ya kienyeji. Madaktari wakaifuata njia niliyowaonyesha. Siku tatu Brayson hawezi kumeza hata mate, analia bila sauti. Niliumia mpaka nikakosa machozi.

Siku ya nne akaja daktari wa watoto, Dokta Catherine. Midomo aliiacha kwanza, akasikiliza kifua.

"Mama, kikohozi kilianza lini?"

"Wiki moja kabla ya vidonda."

Akaagiza picha ya kifua na kipimo cha koo. Ilikuwa nimonia. Akanieleza kuna bakteria wa mapafu ambaye, kwa watoto wachache, mwili ukipambana naye midomo na macho huchubuka namna ile.

"Kwa hiyo siyo dawa ya bibi yake?"

"Ugonjwa huu umeanzia kifuani, mama."

Wakabadilisha matibabu. Siku Brayson alipoweza kuongea, neno la kwanza lilikuwa, "Bibi yuko wapi?"

"Alikupa ile dawa?"

"Hapana. Alikunywa yeye, na yeye alikuwa anakohoa. Mimi alisema tusubiri mpaka wewe ukubali."

Nilikaa sakafuni pale wodini nikalia.

Aliporuhusiwa tukapanda Nkoaranga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alinisamehe kabla sijamaliza kuomba. Nikamwomba chai, maana chai yake ya tangawizi ndiyo jumuiya yake nzima ya sala huisifia.

"Chai nimeacha kupika," akasema. "Alhamisi walisali hapa, nikachemsha sufuria nzima. Hakuna aliyegusa."

Ile sauti nilishaifuta. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameshaisikiliza, na baadhi yao wakaisambaza mpaka ikafika kwa wanajumuiya wa mama mkwe.

Ndugu yangu, mtoto akiugua, mwambie daktari ulichokiona. Unachokishuku kiite shuku, na usikipeleke kwenye grupu.

Mwanangu amepona. Kwa mama mkwe, mpaka leo jumuiya wanasali na kuondoka midomo mikavu.