Kondoo wa Sindano Kumi na Nne

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na orodha ya wanasayansi waliobadilisha dunia. Akanisomea: wa nyota, wa umeme, wa mashine. Alipofika kwa Mfaransa wa dawa ya kichaa cha mbwa nikamkatiza. "Huyo namjua. Bila yeye mama yako angekuwa udongo, na wewe usingekuwepo." Akacheka, akadhani bibi anatania. Mimi niliyeishia darasa la pili!

Ilikuwa miaka ya themanini, vita vya Uganda vimeisha, tunaishi kule Nakivale na ng'ombe wetu wachache. Mbwa asiye na mwenyewe, mate yanamchuruzika, akamuuma binti yangu paja. Alikuwa na miaka sita. Sikulia. Mwaka mmoja nyuma nilimwona jirani aliyeumwa hivyo hivyo, anatetemeka mbele ya kikombe cha maji, wanaume wanne wamemshika, mpaka akafa. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda lori la ndizi mpaka mjini Mbarara.

Nesi wa hospitalini alikuwa mke wa askari wa kambi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri.

"Wewe mama, sikia. Sindano kumi na nne, tumboni, kila siku moja. Ukitoroka, utazika."

Tukalala kwenye veranda. Siku ya tano nikamuuliza dawa hii ni ya nini, mbona ina ukungu kama maji ya mchele.

"Ubongo wa kondoo," akasema, anapangusa tumbo kwa pamba.

Nikamshika mkono. "Wa nini?"

"Kondoo, mama. Mee!"

Sisi watu wa ng'ombe kondoo hatumli. Anatembea na ng'ombe wetu, anawatuliza. Kwetu anayemla hapewi tena maziwa kwenye chombo cha nyumba. Na mimi nimeshamjaza mtoto wangu kondoo siku nne nzima!

"Daktari gani alibuni uchafu huu?"

"Hata daktari hakuwa. Mzungu wa Ufaransa, zamani sana, kazi yake kuchunguza kwa nini pombe inaharibika. Alianza na sungura, kondoo alikuja baadaye. Kadudu kenyewe kanakoleta ugonjwa hakukaona, kadogo mno. Mtoto wa kwanza aliletwa na mama yake, ameumwa na mbwa kama huyu wako. Akadungwa na daktari mwingine, maana yeye hakuwa na ruhusa."

Mtu wa pombe! Anapigana na kitu ambacho hajakiona! Nikambeba mtoto, nikatoka mbio mpaka getini.

Nesi hakunifuata. Alipaza sauti tu: "Yule mama wa kwanza naye alikuwa na miguu, na hakukimbia!"

Nikasimama pale, mtoto ananing'inia shingoni, watu wanatuangalia. Nikamwona tena jirani na kikombe chake. Halafu nikajiuliza: tulikatazwa kula. Nani alitukataza sindano?

Nikarudi, nikamfunua mtoto tumbo. "Piga."

Siku zikaisha, tukarudi Nakivale. Mama mkwe alikuwa ametutolea kibuyu cha maziwa. Ningeweza kunyamaza, lakini mdomo wangu haujui kazi hiyo. Nikamwambia yote. Akakiweka kibuyu chini polepole, kama kimemchoma. Mtoto, koo limemkauka kwa vumbi la njiani, hakuondoa macho pale.

"Amemtafuna?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama."

"Amemmeza?"

"Amedungwa tu."

Akamvuta mtoto, akainua gauni, akapitisha kidole kwenye kila kovu, anahesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika kumi na nne akashusha gauni. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake mwenyewe, kile ambacho hata mume wangu hakuthubutu kukigusa.

"Kunywa," akamwambia.

Binti yangu akakishika kwa mikono miwili. Mimi nautazama mdomo wake, nalisubiri lile tetemeko la jirani. Akanywa. Akanywa mpaka akakiinamisha kitupu, maziwa yanamtiririka kidevuni.

Hapo ndipo nikalia.