Kipande cha Sadallah

Kila Jumapili mchana Mzee Polikarpo alipuliza saksafoni katika baa moja ya Kipawa, na watu waliufuata utundu wake. Akiachiwa nafasi ya kupuliza peke yake, katikati ya rumba atakuchomekea kipande cha wimbo wa kanisani, kidogo kaswida, kisha mlio wa muuza askrimu. Watu huangua kicheko, kila mmoja akijidai kuutambua wa kwao. Nurdin, mpiga gitaa, alimwita kapu la nyimbo.

Ndani ya kapu hilo kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakukitoa kamwe. Alikiokota miaka ishirini iliyopita, alipokuwa askari magereza huko bara. Mfungwa aitwaye Sadallah alikipiga kwa mluzi kila jioni, na mluzi ulikatazwa. Polikarpo alimwonya mara mbili. Ya tatu alimtandika rungu la mdomo, wimbo ukakatikia katikati. Kidonda kikaoza, na baada ya wiki mbili Sadallah akafa. Polikarpo akaapa mbele ya wakubwa kwamba mfungwa aliteleza bafuni, nao wakaridhika. Alidhani yamekwisha. La kuvunda halina ubani.

Jumapili hiyo vidole vilimsaliti. Alikuwa anatafuta kaswida, kikatoka kile. Aliposhtuka alikikata, tena palepale alipokikata kwa rungu.

Kutoka meza ya nyuma sauti ya mwanamke ikakimalizia, polepole, mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo wa bendi. Polikarpo alikuwa hajawahi kuisikia nusu ile ya pili.

Wakati wa mapumziko yule mwanamke akamfuata alipokaa.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Yasmini. Ule wimbo umeutoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nadhani niliusikia redioni."

"Redioni haujawahi kupigwa. Baba alinitungia mie nikiwa mdogo, wa kunibembeleza nilale. Tulikuwa tunaujua wawili tu." Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Baba yangu ni Sadallah. Alifia gerezani. Walituambia aliteleza bafuni."

Nurdin akaita kwamba wanaanza. Polikarpo akasimama, akaitia saksafoni mdomoni. Pumzi haikutoka.

"Nenda kapige, mzee," Yasmini akasema. "Mie nakusubiri hapahapa."